Tuambiwe jiwe limetoka sehemu gani ya mwamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo, kwa sisi tuliozunguka miaka mingi kati ya Mwanza na Geita tukibeba sampuli za mawe, limekuwa kero. Tangu habari za nikeli ya Kabanga, kule Ngara, zianze kusikika kila kona, jiwe lolote jeusi na zito linalookotwa Kanda ya Ziwa hupewa jina la nikeli, na likinaswa na sumaku, dalali huongeza na platini juu yake. Hivi karibuni, hapa Nyegezi, kijana mmoja alinionesha kiroba cha mawe ya namna hiyo, aliyouziwa kwa bei ambayo naona haya kuitaja. Nilipomuuliza yalichukuliwa sehemu gani ya mwamba, alinitazama kana kwamba nimemuuliza jina la babu wa jiwe.

Swali hilo si la kipuuzi, na ningependa wasomaji waelewe sababu yake. Ipo miamba iliyoganda kutokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyopanda kutoka chini sana ardhini, yenye magnesi na chuma kwa wingi na silika kidogo, ambayo wanajiolojia huiita miamba ya altramafiki. Mingine imelala tabaka juu ya tabaka. Mingine imejipanga kwa mizingo, mithili ya kitunguu kilichokatwa katikati. Hii ya mizingo, inayofahamika zaidi Alaska na katika milima ya Ural nchini Urusi, huwa na kiini cha dunaiti, yaani jiwe ambalo karibu lote ni olivini, madini ya kijani yenye magnesi na chuma. Kiini hicho huzungukwa na mawe yenye pairoksini, kisha yenye hornblendi (yote mawili ni madini ya rangi ya giza), na mara nyingi gabro, jiwe zito lenye punje kubwa, hukaa pembeni kabisa. Si kila mahali mizingo hiyo imekamilika, na pengine kiini hujikuta upande mmoja, lakini mpangilio ukishajulikana, mtafiti hujua atafute nini na wapi.

Metali nazo zimegawana makazi humo. Ndani ya dunaiti, kromiti, yaani madini yenye kromi, hujikusanya katika mafungu na mishipa myembamba, na platini hupatikana pamoja nayo, ikiwa ni punje ndogo zilizoungana na chuma. Ukitoka kwenye kiini na kuingia katika klinopairokseniti, yaani jiwe ambalo karibu lote ni pairoksini, kromiti hupungua, na mahali pake hushikwa na magnetiti (madini ya chuma yanayonaswa na sumaku) yenye metali za titani na vanadi. Mgodi wa Kachkanar, huko Ural, huchimba mawe ya namna hiyo ambayo chuma chake ni takriban asilimia 15 au 16 tu, kiwango ambacho kwingine kingeachwa, kwa sababu magnetiti yake hutenganishwa kwa sumaku na vanadi iliyomo huhitajika katika kutengeneza feleji imara. Shaba na paladi (metali ya jamii ya platini) pia zimewahi kupatikana katika miamba ya ukoo huu: mgodi wa Salt Chuck, Alaska, ulifanya kazi kati ya 1905 na 1941 katika pairokseniti na gabro. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuchukua sampuli kwenye mlima mmoja, mita mia chache kati yao, wakaenda maabara na kurudi na majibu yasiyofanana hata kidogo, na wote wawili wakawa wakweli.

Kuhusu nikeli, udanganyifu mwingi hufanyika bila hata mtu kusema uongo. Olivini huhifadhi nikeli ndani ya fuwele zake, hivyo dunaiti ya kawaida, isiyo na thamani yoyote kwa mchimbaji, inaweza kutoa jibu la maabara la asilimia 0.2 au 0.3 ya nikeli. Nimeona karatasi yenye tarakimu hiyo ikipitishwa mezani kama hati ya shamba. Nikeli iliyofungwa ndani ya olivini haitoki kwa njia nyepesi. Kabanga, ambayo ni ya ukoo mwingine na si wa Alaska, nikeli imo katika salfaidi, yaani madini ambamo metali imeungana na salfa, na kiwango chake kinazidi asilimia 2. Magma ya Kabanga ilipita katika miamba ya mashapo yenye salfa, ikaimeza salfa hiyo, na matone ya salfaidi yakakusanya nikeli na kuzama nayo. Miamba mingi ya mizingo ina salfa kidogo sana, ndiyo maana platini yake hukaa kama aloi, yaani imeungana na metali nyingine kama chuma. Ipo iliyotoka nje ya kawaida, kama Turnagain huko Kanada yenye salfaidi za nikeli, ila ya kawaida ndiyo hiyo.

Tukija kwenye sumaku, hapa kwetu ndiyo shahidi wa kuaminiwa kwa uangalifu zaidi. Geita ina mawe ya chuma yenye mistari, ambayo hunasa sumaku vizuri na hayana uhusiano wowote na altramafiki. Hata dunaiti yenyewe, ikiingiliwa na maji na kugeuka kuwa madini yaitwayo sapentini, huzalisha magnetiti ambayo haina faida kwa mtu. Nililivunja jiwe moja la yule kijana: ndani lilikuwa na mistari myembamba, mweusi na mwekundu, ikipishana. Sikuhitaji maabara.

Jambo moja lingewafaa sana wachimbaji wadogo kulijua. Platini ya Ural ilitambuliwa katika mchanga wa mito, miaka ya 1820, na ilikuwa nyingi kiasi kwamba Urusi ilitengeneza sarafu za platini kuanzia 1828 hadi 1845. Walioiosha walitumia kanuni ileile ya karai inayotumika kwenye mialo yetu ya dhahabu, yaani sehemu za kuioshea (neno mwalo, wavuvi watanisamehe, tumeligawana). Magnetiti ina uzito wa takriban mara 5 ya maji, kromiti chini kidogo ya hapo, ilhali platini ya asili mara nyingi huzidi mara 14, hivyo hubaki chini kabisa ya karai. Lakini zebaki haiikamati kirahisi kama inavyokamata dhahabu, na anayetegemea zebaki peke yake anaweza kuimwaga pamoja na mchanga mweusi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako linapotangaza kwamba madini ya namna hii yameonekana kijiji fulani, mwandishi aulize sampuli ngapi zilichukuliwa, kama zilichukuliwa kwa mstari kuvuka mwamba mzima kutoka ukingo hadi ukingo, ni aina gani ya jiwe iliyotoa tarakimu inayotajwa, na kama nikeli hiyo imo katika salfaidi au katika olivini. Majibu ya maswali hayo yanatosha katika aya moja. Yule kijana angeisoma aya hiyo kabla hajatoa fedha yake. Sasa kiroba kiko uani kwao, kimeegemezwa ukutani, na dalali hapokei tena simu.

Fundi sampuli mstaafu,
Nyegezi, Mwanza