Barua ya wazi kwa wanangu mliokabidhiwa watu

Wanangu,

Nimesikia mmeshika nafasi. Wengine mmekuwa wenyeviti, wengine wakuu wa idara, wengine mnasimamia watu watano tu ndani ya chumba kimoja. Hongereni. Mimi niliongoza watu miaka mingi, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo niliongoza vibaya bila kujua. Kila nikiuliza kama kuna tatizo, nilijibiwa, "Hakuna, mzee." Nami nikaamini hakuna.

Siku moja kijana wa stoo alikuja kuniambia kwamba hesabu ya mzigo haiendani na karatasi. Alisimama mlangoni, daftari amelikumbatia kifuani. Nilikuwa na wageni. Sikumtukana, wala sikupaza sauti. Nilimuuliza tu, bila kuinua macho, "Na wewe ulikuwa wapi?" Wageni wakacheka. Akaurudisha mlango taratibu, akaondoka. Miezi minane iliyofuata hakuna aliyeniletea habari mbaya, na hasara tuliyokuja kuigundua ilikuwa imeota mizizi humo humo. Waliijua wote, kuanzia mlinzi. Gizani nilikuwa mimi peke yangu, niliyekalia kiti kikubwa.

Mtasoma sana kuhusu aina za uongozi: wa kimabavu, wa kushirikisha, na ule wa kuacha kila mtu ajifanyie. Mgawanyo huo una historia yake. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyeihama Ujerumani ya Hitler, pamoja na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White, walifanya utafiti huko Iowa, Marekani, wakautoa mwaka 1939. Walikusanya wavulana wa umri wa miaka 10 hivi katika vikundi vya kazi za mikono, wakawapa viongozi watu wazima wenye mitindo tofauti. Mwenye mabavu alitoa amri hatua kwa hatua, na mtoto hakujua hatua ijayo ni ipi. Wavulana wake walifanya kazi nyingi, hilo tusilifiche. Lakini akitoka chumbani kidogo, kazi ilianguka. Kwa yule aliyewashirikisha, akitoka, mikono iliendelea karibu kama vile yupo. Na chini ya mabavu, wavulana ama walinywea, ama waligeukiana wao kwa wao, wakamtafuta mmoja wa kumwonea. Hilo la mwisho lichukueni. Mkiona watu wenu wanatafunana, kabla ya kuwaita wakorofi, tazameni wanachokipata kutoka juu.

Huyo wa tatu, wa kuacha mambo yaende, simmalizii karatasi. Anajisifu kwamba haingilii watu. Mara nyingi huo ni uvivu uliovaa kanzu.

Sisemi msiamrishe. Nyumba ikiwaka moto hamtaitisha kikao. Ila hata penye amri kali, aliye chini lazima aweze kusema, "Ngoja." Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife, ukungu ulikuwa mzito. Rubani mkuu wa ndege moja ya Boeing 747 alianza kukimbiza ndege ili iruke, kabla hajapewa ruhusa. Alikuwa mtu mwenye heshima kubwa, mwalimu wa marubani wenzake. Mhandisi aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ndege nyingine, iliyokuwa kwenye njia hiyo hiyo ya kurukia, imeshatoka. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi akanyamaza. Ndege nyingine ilikuwa bado ipo, 747 kama yao. Zikagongana, na walikufa watu 583. Zilikuwepo sababu nyingine, redio ziliingiliana, ukungu ulifunika kila kitu. Lakini mimi hurudi kwenye lile swali. Mtu anaona hatari ya kifo chake mwenyewe, na bado anaitamka kwa kuuliza, kisha anatosheka na jibu la mkubwa. Baadaye mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani wakuu kusikiliza, na wasaidizi wao kusema bila kuzungukazunguka.

Sisi tunao usemi "mkubwa jalala", na tunautumia kulalamika kwamba kila uchafu anatupiwa mkubwa. Nimeuelewa uzeeni. Jalala lisilotupiwa kitu maana yake taka zinaozea vyumbani.

Kwa hiyo aletaye habari mbaya mumshukuru kwanza, mbele za watu, hata kama habari yenyewe imewakata maini. Lawama itasubiri. Na kikaoni mseme mwisho. Nelson Mandela alilelewa na Jongintaba, mtawala wa Wathembu, baada ya baba yake kufariki. Alimwona akisikiliza kila aliyetaka kusema, wakiwemo waliomshambulia yeye mwenyewe, akingoja hadi mwisho ndipo afungue mdomo. Mandela alisema alijaribu kufuata mwendo huo. Mkitangulia kusema, wanaofuata hawatoi tena maoni, wanaunga mkono. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo, na nimeviongoza. Huisha mapema, na kila mtu hutoka anatabasamu.

Jihadharini na wapambe, hao mnaowaita machawa siku hizi. Lakini wanaosifia hawanitii wasiwasi kama wanaokaa kimya, kwa sababu wale walionyamaza mara nyingi walishajaribu kusema. Anzeni na hao. Msiwaulize kama kuna tatizo, mtajibiwa nilivyojibiwa mimi. Waulizeni, "Ungekuwa mimi, ungeanza kurekebisha nini?" Halafu mnyamaze mpaka kimya kiwachoshe wao, si ninyi.

Yule kijana wa stoo nilikuja kumwomba radhi, miaka mingi imepita, naye ana watu wake anaowasimamia. Alicheka, akaniambia ameshasahau, mzee, hayo ni ya zamani. Tukaongea mengine. Tulipokuwa tunaagana akaniuliza wale wageni wanne wa siku ile walikuwa akina nani.

Mimi nilikuwa nimesahau kwamba walikuwa wanne.

Ni mimi mzee wenu