Tuambieni mtafiti amegundua nini, si amenukuliwa mara ngapi tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie makala mliyoitoa hivi karibuni kumhusu mtafiti wa sayansi ya tiba ambaye kazi zake, mlisema, zimenukuliwa, yaani kutajwa katika makala za watafiti wengine, maelfu ya mara. Niliisoma mara mbili. Nilipomaliza nilijua mtafiti huyo ana makala ngapi, fahirisi yake ya h (kipimo cha nukuu nitakachokieleza hapa chini) imefika wapi na ameshika nafasi ya ngapi kwenye orodha. Alichogundua sikukijua. Ugonjwa anaoushughulikia ulitajwa mara moja, tena kwa kupita tu.

Simlaumu mtafiti mwenyewe. Huenda kazi yake ni nzuri kuliko hata sifa mlizompa. Ninachosema ni kwamba msomaji hakupewa njia ya kulijua hilo.

Mimi ni mkutubi katika maktaba ya tiba. Nawatafutia madaktari na watafiti makala wanazohitaji, na ndiye ninayewatolea hesabu hizi wanapoomba kupandishwa cheo au kupewa fedha za utafiti. Sizidharau namba hizo. Nazishika kila siku, na kwa sababu nazishika kila siku najua zinabeba nini na hazibebi nini.

Zilianza kama chombo cha kutafutia maandiko. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield aliandika katika jarida la Science akipendekeza fahirisi ambayo ingeonyesha kila makala imetajwa na makala zipi zilizokuja baada yake. Alitaka msomaji akikuta utafiti wa zamani aweze kuona nani ameukosoa na nani ameusahihisha, asije akategemea takwimu za uongo au zilizopitwa na wakati. Fahirisi hiyo ilianza kutoka rasmi mwaka 1964. Baadaye kikaja kipimo cha athari ya jarida, ambacho kilitusaidia sana sisi wakutubi kuchagua majarida ya kununua: unachukua idadi ya mara ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa mwaka huu, unaigawa kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani wa jarida zima. Hakimwambii mtu yeyote thamani ya makala moja iliyomo humo, wala ya mwandishi wake.

Fahirisi ya h ililetwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Mtafiti mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Ni wazo zuri, ila lina mambo mawili ambayo makala yenu haikuyagusa. Kwanza, namba hiyo haishuki kamwe, hivyo mwenye umri mkubwa kazini humpita kijana hata kama ameacha kufanya utafiti. Pili, aliyebuni utafiti na kuuandika anahesabiwa sawasawa na mtu ambaye jina lake ni la ishirini na saba kwenye orodha ya waandishi.

Chukua makala yoyote ya tiba uitazame kwa karibu. Kwenye utangulizi utakuta sentensi kama “ugonjwa huu bado ni tatizo kubwa duniani”, na mbele yake mabano yenye namba saba au nane. Kila namba hapo ni mtu fulani amenukuliwa, na pengine mwandishi hakusoma zaidi ya muhtasari wa kazi yake. Shuka kwenye mbinu: “kiasi cha protini kilipimwa kwa njia iliyoelezwa hapo awali”, namba moja. Nenda kwenye mjadala, sehemu ambayo waandishi wanabishana kweli: “matokeo yetu hayakubaliani na yaliyowahi kuripotiwa”, namba nyingine. Heshima ya mazoea, deni la kifaa na pingamizi la moja kwa moja, vyote hivyo vikifika kwenye kanzidata inayohesabu nukuu, kila kimoja kinaandikwa nukuu moja.

Ndiyo maana makala iliyokuwa ikiongoza kwa kunukuliwa duniani, jarida la Nature lilipofanya hesabu mwaka 2014, ilikuwa ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951 inayoeleza namna ya kupima protini kwenye myeyuko. Ilikuwa imenukuliwa zaidi ya mara 305,000. Makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 juu ya umbo la DNA haikuingia hata kwenye mia za kwanza. Lowry mwenyewe alikiri kwamba haikuwa makala kubwa, ingawa mwitikio wake ulimfurahisha. Watu waliinukuu kwa sababu kila siku maabara hupima protini. Na hilo si dogo: njia inayowasaidia maelfu ya watu kufanya kazi yao inastahili sifa. Lakini sifa hiyo ielezwe ilivyo, msomaji ajue kuwa anasoma habari za mbinu, asidhani ni habari za ugunduzi wa tiba.

Upande mwingine unaumiza zaidi. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, ikihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Ilifutwa mwaka 2010. Imenukuliwa mno, na wengi walioinukuu walifanya hivyo ili kuipinga. Ukimpima Wakefield kwa namba tupu, atakuwa miongoni mwa magwiji. Halafu kuna makala ya mwaka 2006 katika Nature kuhusu protini iliyodaiwa kuharibu kumbukumbu katika ugonjwa wa Alzheimer. Ilinukuliwa zaidi ya mara 2,000, watu wakajenga tafiti juu yake, na ikafutwa Juni 2024 baada ya kubainika kuwa picha zake zilichezewa. Miaka 18! Katika miaka yote hiyo ingetajwa kwenye gazeti kama lenu kwa fahari, na namba isingemshtua mtu.

Sasa nije kwa wale ambao namba haikuwaona. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alichapisha katika jarida la upasuaji la Uingereza maelezo ya uvimbe wa saratani kwenye taya za watoto. Makala haikushtua watu. Machi 1961 alitoa mhadhara London, na mmoja wa waliokaa kumsikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, ambaye alitoka pale akiwa na hamu ya kupata vipande vya uvimbe huo. Sampuli zilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi ambacho leo tunakiita Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mtu kukaa kwenye kiti, kusikiliza na kuanza kufikiri upya hakuna fahirisi inayokuhesabu.

Tu Youyou na wenzake nchini China walipata artemisinini, kemikali inayotibu malaria, kutoka kwenye mmea wa pakanga, na makala ya mwaka 1977 iliyotangaza umbo la kemikali hiyo ilitoka kwa jina la kikundi, bila jina la mtu hata mmoja. Kwa hesabu ya mwandishi mmojammoja hakuna aliyeandika kitu. Dawa mseto za malaria zinazotibu mamilioni ya wagonjwa zimesimama juu ya kazi hiyo, na Tuzo ya Nobel ilimfikia Tu mwaka 2015.

Mfano wa Katalin Karikó ndio ningependa waandishi wenu waukumbuke zaidi. Mwaka 2005, akiwa na Drew Weissman, alionyesha katika jarida la Immunity kwamba mRNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini mwilini, ikibadilishwa kidogo katika viungo vyake vya kemikali, kinga ya mwili haiishambulii kama mvamizi. Miaka kumi kabla ya hapo alikuwa ameshushwa cheo chuoni kwa kukosa fedha za utafiti. Makala ilipotoka, simu hazikumiminika. Kisha ukaja Uviko-19, chanjo za mRNA zikasimama juu ya ugunduzi huo, na mwaka 2023 wawili hao wakapewa Nobel. Mtu ambaye angehesabu nukuu za makala ile katika miaka yake ya mwanzo angesema ni kazi ya kawaida, na aliyehesabu mwaka 2022 angesema ni kazi ya karne. Makala ni ileile, neno kwa neno.

Haya yana madhara kwa watu walio hai, ndiyo maana yananikera. Kijana mmoja wa shahada ya uzamivu alikuja mezani kwangu na matokeo ya miaka ya kazi: dawa aliyoijaribu haikufanya kazi. Ni matokeo ya thamani kubwa, kwa sababu yangemwokoa mtafiti mwingine asipoteze muda na wagonjwa wasipewe kitu kisichosaidia. Akaniuliza kama kuna haja ya kuyachapisha. “Mama, nani atayanukuu?” Swali hilo hakulitunga yeye. Amefundishwa na sisi sote, wakiwemo waandishi wa habari, kwamba kazi isiyonukuliwa si kazi. Wenzake wameshajifunza kukata utafiti mmoja vipande vitatu, kujinukuu, na kunukuliana wao kwa wao. Mwaka 2019 takwimu za watafiti 100,000 wanaonukuliwa sana zilionyesha wapatao 250 ambao zaidi ya nusu ya nukuu zao zilitoka kwao wenyewe au kwa waandishi wenza wao.

Wanasayansi wenyewe wameshaliona tatizo. Tamko la San Francisco, lililotolewa mwaka 2013, linawataka wanaoajiri na wanaotoa fedha waache kutumia kipimo cha jarida kumpimia mtu, na maelfu ya taasisi na watafiti wamelitia saini. Vyombo vya habari havikutajwa sana katika mjadala huo, lakini naamini vina sehemu yao.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, mkimwandika tena mtafiti, namba iwekeni tu, ila semeni imetoka kanzidata gani na lini, maana Google Scholar, Scopus na Web of Science haziwezi kukupa jibu moja. Muulizeni nini kilikuwa hakijulikani kabla ya kazi yake. Muulizeni yeye alifanya nini hasa katika timu ya watu thelathini. Chagueni makala zake mbili zinazonukuliwa zaidi, kisha fungueni chache kati ya zile zilizozinukuu msome sentensi yenyewe: wanamtumia, wanamsifu au wanampinga? Angalieni kama kuna mwongozo wowote wa matibabu uliobadilika kwa sababu yake. Na kabla ya kuchapisha, itafuteni kila makala mnayoitaja kwenye PubMed, kanzidata ya mtandaoni ya makala za tiba. Kama imefutwa, tangazo huwekwa juu kabisa ya ukurasa, na kulisoma hakuchukui hata dakika.

Mtafiti mliyemwandika bado yupo kazini. Mrudieni mkamuulize maswali hayo, na majibu yake tuyasome humuhumu.

Msomaji wenu,
Mkutubi wa maktaba ya tiba