Kwa mdogo wangu, kuhusu hati ya nyumba

Mdogo wangu,

Albamu yako nimeisikiliza jana usiku, mara mbili, kwa spika ya simu, usinicheke. Gitaa lako kavu bado linajivuta kama enzi za barazani, na vinanda vya kompyuta vinaingia taratibu, kama mgeni aliyevua viatu mlangoni. Hongera. Sijui fedha ulipata wapi. Nayasema hapa kwa kuwa simu zangu hupokei.

Siku ya arobaini ya Mama, watu hawajamaliza pilau, ukafungua laptopu juu ya jamvi. Tukamsikia akikuna nazi. Kwaru, kwaru, mbuzi umeifanya ngoma! Kisha akaanza kukuita jina lako la utotoni, tena na tena, sauti imekatwakatwa vipande. Shangazi akaangua kilio upya. Nikakuambia uzime. Ukaniangalia kama mimi ndiye niliyemuua.

Na usiku uleule ukataka hati. Ukanitolea mfano wa Imogen Heap, yule mwanamuziki wa Uingereza: kwamba baada ya Frou Frou, kundi lao la watu wawili, aliiweka rehani fleti yake ili agharimie albamu yake Speak for Yourself, akaitunga na kuitengeneza mwenyewe, ikatoka 2005. Kwamba usiku mmoja kompyuta ilimfia, hakutaka kutoka studio bila kurekodi kitu, akaimbia kwenye kifaa kinachogeuza sauti moja kuwa kwaya, ikazaliwa Hide and Seek, wimbo usio na ngoma hata moja. Baadaye nilikitafuta kisa hicho, hukunidanganya. Ila fleti ile ilikuwa yake, baba. Hii yetu ni ya ndugu sita, na mmoja analala chumba cha uani na wanawe.

Siku nyingine kopa kwa jina lako. Niliposhikilia hati nilikuwa nawalinda wote, nawe ukiwemo. Bili za hospitali alilipa nani? Na hilo gitaa, si lilinunuliwa kwa fedha ya cherehani yangu? Haya, tuyaache.

Wimbo wa nne, ule wa nazi, mwishoni kabisa kuna mwanamke anasema, "Zima hiyo." Kumbe ulikuwa unarekodi. Hukuniomba ruhusa. Tena mwangwi umezidi, nasikika kama mtu aliyetumbukia kisimani.