Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Zanzibar: hawa vijana hawakupigwa na jini

Mheshimiwa Waziri, assalaam alaykum.

Najua mezani kwako barua ni nyingi na hii yangu haijapita masjala wala haina muhuri wa sheha. Naiandika kwa simu nikiwa juu ya boti nangojea wageni wamalize kuvaa, kwa hiyo nisamehe nitakapochanganya mambo. Nataka kukuomba kuhusu wazamiaji. Sio wale wa kuzamia meli kwenda Ulaya, hapana, hawa wetu wanaoshuka na mtungi mgongoni kutafuta majongoo bahari na kamba koche, asubuhi katoka mzima anaimba, jioni anashushwa ufukweni kabebwa na watu wanne miguu inaning'inia.

Mimi saivi kazi yangu ni kuzamisha watalii huku Kaskazini Unguja. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye majongoo pamoja na kaka yangu, boti moja, tajiri mmoja. Tajiri ndo mwenye mashine, mwenye mitungi, mwenye mafuta, na yeye ndo anayenunua jongoo, sasa ukitoka na wachache unabaki na deni na ukitoka na wengi deni linapungua, basi. Hakuna aliyekufundisha kitu. Mafunzo yangu mimi yalikuwa hivi: weka hii mdomoni, vuta, ukiona hewa nzito panda. Yalichukua muda wa kunywa chai.

Siku yenyewe tulikuwa dago, yani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani. Majongoo wa maji madogo walishakwisha zamani, kila mtu anajua, kwa hiyo tukawa tunawafuata kwenye pima 20 na zaidi, yani mita 36 hivi. Kaka akamaliza mtungi wa tano siku ile, akapanda mbio mana hewa ilikatika, akakaa, akavuta sigara, akacheka na sisi. Nusu saa baadae akasema bega linamuuma, tukasema misuli hiyo, umebeba sana. Halafu akasema miguu inafanya kama inatembelewa na siafu. Halafu akataka kwenda haja ndogo ikagoma kutoka, na tumbo linajaa. Alipotaka kusimama akaanguka juu ya mitungi.

Mkubwa wa boti akasema mvalisheni mtungi mrudisheni chini. Hii wazamiaji wote wanaijua, ukimrudisha anapata nafuu kweli, mimi nilikuwa nae chini na niliona anatikisa vidole, nikafurahi. Kupanda juu ikawa mara mbili ya mwanzo. Nilikuja kuelewa baadae sana kwamba tulikuwa tunamuongezea sumu ileile iliyompooza, na kwamba kumshusha mtu asiyeweza kupiga miguu ni kumpeleka kuzama.

Nyumbani wazee wakasema kapigwa na jini la bahari, kwa sababu sehemu ile inajulikana ina wenyewe. Sitaki kumcheka mtu hapa, mama yangu alikuwa analia na alifanya alichokijua. Ubani, kombe, mganga, siku 2. Siku ya 3 ndo tukampeleka hospitali moja, sitaitaja na wala sina ugomvi nayo, daktari kijana akampiga picha ya uti wa mgongo, picha safi kabisa, akaandika maumivu ya misuli na dripu. Ile picha haiwezi kuonesha kitu, mana kilichomo ni mapovu ya hewa. Na lile swali ambalo lingebadilisha yote hakuliuliza, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kuuliza: wewe umezama leo?

Mheshimiwa, mimi nilikuja kuujua ugonjwa wa kaka yangu miaka 2 baadae nikiwa darasani najifunza kuwa daivmasta, yani kiongozi wa wazamiaji, ukutani kuna mchoro wa mtu na vishale, bega, goti, mgongo, kibofu, ganzi. Nilitoka nje nikakaa chini.

Ngoja niueleze kwa lugha yetu. Hewa tunayovuta karibu asilimia 78 ni naitrojeni, gesi ambayo mwili hauitumii, inaingia inatoka. Sasa kila mita 10 unazoshuka zinaongeza mgandamizo sawa na ule wote tunaobebeshwa na anga hapa juu, kwa hiyo kwenye pima 20 umebanwa mara 4 na nusu hivi, na kila pumzi unayovuta ni kama pumzi 4 na nusu za juu. Naitrojeni inasukumwa kwenye damu, kwenye mafuta, kwenye uti wa mgongo, inayeyuka humo kimya kimya na huhisi chochote. Ukipanda pole pole inatoka ilivyoingia. Ukipanda mbio, mfano wa soda iliyofunguliwa kila mtu anautoa na mimi nautoa tena kwa sababu sijapata bora: povu. Povu kwenye kiungo ni maumivu, povu kwenye uti wa mgongo ni kupooza na mkojo kuziba. Na mtungi wa 5 ni mbaya kuliko wa 1, mana ile naitrojeni ya asubuhi bado imo.

Babu yetu alizama maisha yake yote kwa pumzi yake na alikufa mzee anatembea. Pumzi aliyoingia nayo ndo hiyo hiyo aliyotoka nayo, hakuwa anaongeza kitu kule chini. Lakini alituachia mazoea yanayotuua sisi wa mitungi, yale ya kubana pumzi. Mtu mwenye mtungi akibana pumzi halafu akapanda, hewa iliyomo kifuani inatanuka, ikitoka mita 10 mpaka juu inakuwa mara 2, na pafu sio puto. Mita moja na kitu tu inatosha kulipasua, hewa ikaingia kwenye damu ikaenda kwenye ubongo. Vijana wetu wanasifiwa kijijini kwa kubana pumzi, hakuna aliyewaambia kwamba ukivaa mtungi sifa hiyo iache ufukweni.

Tena kuna ile mashine ya kujazia. Nimeona mimi mwenyewe mdomo wa kuvutia hewa uko hatua 2 kutoka bomba la moshi wa injini ya petroli, upepo ukigeuka unajaza moshi kwenye mtungi. Hewa ya hivo ina ladha, wazamiaji wanaisema "imeungua". Kaboni monoksaidi kidogo ambayo juu ingekupa kichwa tu, kule chini inazidishwa na mgandamizo uleule, na mtu anazimia akiwa na chombo mdomoni. Na kuanzia mita 30 hivi naitrojeni yenyewe inalevya, unaona raha, unasahau kuangalia hewa, ndo mana wengine wanapanda wamechelewa kama alivochelewa kaka.

Watu wanadhani ni uzembe wa wavuvi wasiosoma. Mwaka 2019 kule Likoni, Mombasa, gari liliteleza kutoka kwenye feri tarehe 29 Septemba na mama na mwanawe ndani, wote tuliangalia kwenye simu siku baada ya siku tukilalamika hawa wapiga mbizi wanangoja nini. Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba, lilikuwa mita 58. Wale walikuwa jeshi la wanamaji la Kenya pamoja na wataalamu wa nje, na bado kila mtu alihesabiwa dakika zake chini, kwa sababu kwenye mita 58 mwili uko chini ya mgandamizo karibu mara 7 na huwezi kwenda na kurudi unavyotaka. Sasa kijana wetu anakwenda zaidi ya nusu ya kina hicho mara 5 kwa siku, hana saa, hana kipima kina, kina anakijua kwa giza na baridi.

Na haya sio mambo mapya. Haldane, mwanasayansi wa Uingereza, alitoa majedwali ya kupanda kwa vituo mwaka 1908, na aliyapata kwa kuwatia mbuzi ndani ya chemba ya mgandamizo na kuangalia nani atanyanyua mguu kwa maumivu. Miaka zaidi ya 100 Mheshimiwa. Wale mbuzi walipangiwa muda wa kupanda, kaka yangu hakupangiwa.

Dawa inajulikana vile vile. Ya kwanza ni oksijeni tupu, mapema, palepale botini, barakoa iliyokaa vizuri usoni, ile inasukuma naitrojeni itoke na inalisha sehemu zilizozibwa. Ya pili ni chemba, mgonjwa anabanwa tena kama yuko mita 18 huku anavuta oksijeni, halafu anapandishwa taratibu, matibabu ya kawaida ni masaa 5 kasoro na yanaweza kurudiwa. Wapo waliobebwa kuingia wakatoka kwa miguu yao. Lakini saa zinahesabika, kila unavyochelewa mishipa inakufa, na aliyekaa siku 3 na ubani anaingia chemba kupunguza hasara tu.

Hapa ndo panaponiuma. Boti ninayoandikia sasa hivi ina mtungi wa oksijeni, kila mgeni ana kompyuta mkononi inayompigia kelele akipanda haraka, tunasimama mita 5 kwa dakika 3 hata kama mzamo ulikuwa mwepesi, tunapumzika saa nzima kabla ya mzamo wa pili, na nambari ya chemba ya kupiga ukipata dharura imebandikwa karibu na usukani. Tunawakataza kupanda ndege masaa 18 baada ya kuzama. Mwamba wa pili tu kutoka hapa, nauona kwa macho, kuna boti ya majongoo, bahari ni hiyo hiyo na naitrojeni haiangalii pasi ya kusafiria.

Ninachokuomba ni kwamba boti yoyote inayobeba mitungi ya kuzamia isipewe leseni bila oksijeni ndani na mtu mmoja aliyefundishwa kuitumia, na gharama iwe ya tajiri, sio mzamiaji kukatwa kwenye jongoo. Najua matajiri watapiga kelele. Bei ya jongoo mkavu akifika Hong Kong wanaijua wao vizuri kuliko mimi na wewe. Usipowabana wao, kijana atazama tu hata ukimkamata, mana deni halimngoji. Na ikiwezekana uzungumze na mwenzako wa Afya, vituo vya afya vya pwani, hasa kule yanakotia nanga madago, viwekewe oksijeni na lile swali liandikwe ukutani kwa herufi kubwa: umezama na mtungi ndani ya siku 2 hizi? Swali halina bajeti. Na nambari ya chemba itangazwe redioni pamoja na hali ya hewa, watu wa baharini hali ya hewa wanaisikiliza kuliko hotuba.

Kwa upande wa Pemba kuna jambo zaidi. Mgonjwa wa aina hii akipandishwa kwenye kindege kikaenda juu, mgandamizo unapungua na mapovu yanakua njiani, ndugu wanadhani wamemuwahisha kumbe wamemuongezea. Kama ni ndege basi iruke chini, isizidi mita 300, na oksijeni usoni muda wote. Rubani hawezi kujua kama hajaambiwa.

Sisemi haya kukutisha, ila nchi ya Honduras ilifikishwa mahakama ya haki za binadamu ya mataifa ya Amerika kwa ajili ya wazamiaji wa kamba wa kabila la Miskito, watu maskini kama sisi, waliolemaa kwa mitungi ya matajiri. Mwaka 2021 kesi ya watu 42 ikamalizika na serikali ikakubali kubeba wajibu, kwamba ilitakiwa kuwasimamia wenye boti. Na kule nako wazee walisema ni jini wa baharini, mwanamke wa kule chini anayewalipiza wanaochukua vyake. Niliposoma hiyo nilimsomea mama. Akanyamaza muda, akasema basi na wao wanae.

Kaka saivi anatembea na fimbo, mguu wa kulia anauburuta, na mkojo anatoa kwa mpira. Anashona nyavu za watu. Daktari mwengine alituambia na nyonga inaweza kuja kuharibika, mfupa unakufa ndani kwa ndani hata miaka baadae, ni ugonjwa huo huo. Hana kinyongo, mimi ndo ninacho. Wiki iliyopita mwanawe wa kiume, ana miaka 17, alikuja kwangu kuazima miwani ya kuzamia. Nikamuuliza ya nini, akaangalia chini. Boti ya tajiri inatoka maji mafu yajayo, mitungi 30, na jina lake limeshaandikwa.

Nimemnyima miwani. Najua atapata kwengine.

Wageni washavaa, wananingoja. Wasalaam.

Mzamishaji wa watalii, Kaskazini Unguja