Barua ya wazi kwa madaktari tarajali: muulizeni mgonjwa inauma saa ngapi

Wanangu madaktari tarajali, na nyie wanafunzi mnaoanza kuzunguka wodini,

Salaam. Naandika nikiwa nimeudhika na sitaki kuficha. Nimekuwa nesi wodi ya magonjwa ya ndani mpaka nikastaafu, vijana wa udaktari nimewapokea wengi, wengine leo ni mabingwa na tukikutana bado wananiita mama. Basi hili nalisema kama mama yenu.

Jirani yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, usiku mkubwa kifua kinambana, anaamka jasho linamtoka, anakaa kitandani ameshika kifua, baada ya muda kinaachia. Asubuhi anaamka mzima anafagia uwanja wake. Kaenda hospitali mchana, kapimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, imetoka safi, kaambiwa ni gesi na mawazo, kapewa dawa za vidonda vya tumbo. Karudi tena, yale yale. Safari hiyo ya pili nilikuwa nimekaa naye pale ndani na nilisikia kila kitu, na hakuna aliyemuuliza maumivu yanakuja saa ngapi! Kijana wa watu alikuwa anaangalia karatasi tu, usoni hakumtazama hata mara moja. Mwanangu, ECG ya saa nne asubuhi inakupa habari za saa nne asubuhi, ya saa tisa usiku umeyajuaje?

Sasa tulieni niwasimulie habari za Attilio Maseri. Najua wengi hamjamsikia, jina lake halitoki kwenye mitihani yenu.

Huyu alikuwa Muitaliano, kazaliwa Udine mwaka 1935, udaktari kasomea Padua kamaliza 1960, halafu kaenda Pisa kwenye moyo na tiba ya nyuklia, kapita pia Marekani kujifunza utafiti, New York na Baltimore, kisha karudi kwao Pisa. Miaka hiyo ya sabini kila daktari wa moyo alikuwa na jibu moja mdomoni. Maumivu ya kifua ya moyo ni mafuta yamejaa kwenye mishipa, mshipa umekuwa mwembamba, mtu akipanda ngazi au akikasirika moyo unataka damu nyingi na damu haipiti. Basi. Wazo kwamba mshipa unaweza kujibana wenyewe ghafla lilikuwepo zamani, daktari mkubwa William Osler kaliandika mwaka 1910, lakini lilitupwa kwa sababu wapasuaji wa maiti walikuwa wanakuta mafuta kila wakifungua. Na ni kweli, maiti haijibani, utaona nini? Mwaka 1959 akaja daktari wa moyo Prinzmetal kule Marekani akaeleza wagonjwa ambao kifua kinawauma wakiwa wamepumzika tu, na mstari wa ECG unapanda wakati wa maumivu kisha unarudi kawaida yakiisha. Wakachukuliwa kama kundi dogo la ajabu ajabu, watu wakaendelea na mambo yao.

Maseri hakuendelea na mambo yake. Aliwachukua wale wagonjwa wanaosema "daktari, mimi inanibana nikiwa nimelala" akawaamini kwanza. Akawaweka wodini wameunganishwa kwenye mashine usiku na mchana, ECG inasoma muda wote, presha ya ndani ya moyo inasomwa muda wote, timu yake inasubiri. Na walichokiona ndicho ninachotaka mkishike: ECG ilikuwa inabadilika kabla mapigo hayajaongezeka na kabla presha haijapanda. Maana yake moyo haukuwa umeomba damu zaidi, ni damu iliyokatwa njiani. Mara nyingine ECG ilibadilika na mgonjwa hakusikia maumivu yoyote. Wakachoma thaliamu, dawa yenye mionzi inayoonekana kwenye picha, mshipani shambulio likiwa linaendelea, picha ikaonyesha sehemu ya moyo haipati damu. Wakapiga picha za mishipa yenyewe mtu akiwa kwenye maumivu, wakauona mshipa umefunga, na ulipoachia damu ikapita tena. Mwaka 1978 wakaandika kwenye New England Journal of Medicine kwamba mshipa kujibana hivyo unaweza hata kuwa chanzo cha moyo kufa sehemu, siyo maumivu tu.

Hamuoni siri iko wapi? Mashine hizo wengine walikuwa nazo. Yeye alichoongeza ni kukaa na mgonjwa saa ile inayouma, na kukubali kwamba mgonjwa anajua kitu ambacho kitabu hakijui. Nimeona wodini kwangu mzee anamweleza daktari jambo la maana kabisa, daktari anamkata "baba jibu ninachokuuliza", na mimi nasimama pale na trei ya dawa najua kwamba jibu limeshapita limeenda zake. Inaniuma mpaka leo. Mgonjwa mpe dakika mbili aseme bila kumkata, halafu ndiyo uulize maswali yako: inakuja saa ngapi, ukifanya nini, inakaa muda gani, nini kinaituliza, unavuta sigara? Sigara msiisahau kwa hawa wa kubana, ina nafasi kubwa. Na msijumlishe watu. Maseri alilisisitiza hili mpaka uzeeni, kwamba wagonjwa wawili wenye jina moja la ugonjwa kwenye faili wanaweza kuwa wamefika pale kwa njia mbili tofauti kabisa, na dawa inayomfaa mmoja inaweza kumuumiza mwingine. Mnajua wenyewe kwamba dawa zile za kupunguza mapigo, za jamii ya propranololi, zinaweza kumzidishia yule ambaye mshipa wake unajibana, wakati naitreti na nifedipini, dawa za kulegeza mishipa, zinamsaidia. Ukiandika dawa kwa kufuata jina la ugonjwa tu, utamkosa.

Siwalaumu nyie peke yenu. Tumewalea hivyo. Shule tumewafundisha kukariri, chuoni anayeuliza sana anaonekana anajifanya, wodini bosi akishatamka basi hakuna wa kusema "lakini". Halafu tunamkalisha kijana mmoja kwenye foleni inayofika getini, hajala, posho haijaingia, tunashangaa kwa nini hamtazami mtu usoni. Jamii nzima inataka mtoto awe daktari kwa ajili ya heshima ya ukoo, ni wachache wanaomuuliza kama anawapenda wagonjwa. Hilo nalo liandikiwe barua yake.

Mwaka 1979 Maseri akaitwa London kuwa profesa hospitali ya Hammersmith, akakaa huko mpaka 1991 aliporudi Italia, Roma kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki, baadaye Milano. Mwaka 1992 akapewa Tuzo ya Mfalme Faisal kule Saudia kwa kazi yake ya mishipa ya moyo. Amewatibu Malkia Elizabeth II na Papa Yohane Paulo II.

Na hakung'ang'ania mshipa kujibana kama dini. Akiwa Roma, Giovanna Liuzzo, Luigi Biasucci na wenzao wa timu yake wakapima kwenye damu protini inayoitwa CRP, ile inayopanda mwili ukiwa na uchochezi, yaani mwili unavimba na kuwaka kwa ndani ukijihami, kwa wagonjwa wanaolazwa na maumivu makali ya moyo. Waliokuwa nayo juu tangu siku ya kulazwa walikuwa na hali mbaya zaidi mbele. Hiyo imechapishwa 1994. Ilichukua miaka zaidi ya ishirini mpaka utafiti wa 2017 wa watu zaidi ya 10,000 ukaonyesha kwamba ukipunguza uchochezi peke yake bila kugusa mafuta ya damu, mashambulizi yanapungua, na 2019 ikaja kolchisini, dawa ya zamani ya jongo, nayo ikaonyesha faida. Maseri alikuwa hai kuyaona, amefariki 2021.

Mengine nawatajia tu. Mkipata nafasi ya kwenda nje nendeni, na mrudi. Andikeni mnachokiona wodini, hata daftarini. Waheshimuni manesi wa usiku, wao ndio wanaomwona mgonjwa saa nane. Someni makala yenyewe, siyo muhtasari uliotumwa kwenye grupu la WhatsApp.

Na nyie wakuu wa idara, maana najua hii barua itawafikia. Mashine ya ECG isifungiwe kabatini ikifika saa kumi jioni eti itaharibika. Mpeni nesi wa zamu ufunguo, mfundisheni kuweka zile waya, na muandike kwenye faili kwamba mgonjwa akibanwa na kifua usiku apigwe ECG pale pale kabla hakijaachia, kisha daktari aamshwe.