Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Stesheni ya Kigoma

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zimekwenda kwenye faili la kuomba stesheni ya Kigoma itangazwe rasmi kuwa jengo linalolindwa. Wengi hudhani umri wa jengo unatosha. Hautoshi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja yaliyojengwa kabla ya 1863. Jengo la Wajerumani kama stesheni hii, lililojengwa baada ya mwaka huo, lazima litangazwe na Waziri. Tukichelewa, reli mpya ya kisasa, SGR, itafika Kigoma na stesheni yake mpya huku hii ya zamani haina kinga.

Historia iliyomo kwenye faili ni fupi. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, umbali wa kilomita zipatazo 1,250. Meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ndiyo MV Liemba, ililetwa ziwani vipandevipande ndani ya makasha kwa reli hiyohiyo.

Kuhusu matengenezo, naomba tusikilizane vizuri. Kuta nene za enzi zile hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia lipu ya chokaa. Fundi akiziba ufa kwa saruji, au akipaka rangi ya mafuta, maji hukosa pa kutokea. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ibanduke, mara nyingi pamoja na uso wa ukuta wenyewe. Gonga kwa kifundo cha kidole: ikilia utupu, imekwisha kuachana na ukuta. Hapo bandua, piga brashi, lowesha ukuta, kisha piga lipu ya chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, sehemu 1 kwa 3 za mchanga safi usio na udongo, tabaka lisizidi milimita 10. Funika kwa magunia mabichi siku kadhaa, maana chokaa ikikaushwa na jua inageuka vumbi. Chini ya matao ndiko fundi asiharakishwe kabisa.

Mwaka ujao tunaanza na mifereji ya paa, kabla ya mvua za Oktoba. Hakuna lipu itakayodumu chini ya mfereji unaovuja.

Mwenye picha za zamani za stesheni azilete kwa katibu zinakiliwe, nyuma yake pameandikwa mwaka na upande wa jengo unaoonekana.