Karanga zangu zilifungwa kwa majina ya watu

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita nilinunua karanga za mia tano kwa kijana anayezungusha sinia karibu na stendi ya Moshi. Nilipozimaliza nikakikunjua kikaratasi. Kilikuwa ukurasa wa daftari la wageni la ofisi fulani: jina kamili, namba ya simu, anakotoka, anayekuja kumwona, sahihi. Watu 11. Mmoja, penye shida iliyomleta, ameandika "mirathi".

Mimi nauza mitumba Kiboriloni. Faragha ikitajwa sokoni kwetu, jibu ni lile lile: "Mimi sina cha kuficha." Hata mimi nilikuwa huko. Mwaka 2013 Edward Snowden alipofichua jinsi Marekani ilivyokuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za raia wake, nilisema hayo ni ya wakubwa. Nani ahangaike na simu ya mama wa mitumba?

Kumbe wapo wa kuhangaika nayo, na wala si majasusi. Jirani yangu wa kibanda alikopa hela kidogo kwa programu ya simuni, ada ya mtoto ilikuwa imembana. Kabla ya kupewa aliambiwa aruhusu programu isome majina yote aliyohifadhi. Akabonyeza, nani husoma yale maandishi madogo? Alipochelewa siku chache, ujumbe ukamwagika: kwa mwenyekiti wa kikoba, kwa wanakwaya wenzake, kwa mkwewe. Mkwe, Mhariri! Sisi tunaojua maana ya mkwe kusoma jambo kama lile tunaelewa kwa nini alikaa nyumbani wiki nzima. Nami niliupata, ukinitaka nimwambie "mdaiwa sugu" alipe. Sijawahi kukopa huko hata siku moja, ila namba yangu wanayo, na hakuna aliyeniuliza.

Hapo ndipo neno "sina cha kuficha" liliponiishia. Unaweza kweli usiwe na cha kuficha, lakini simu yako imebeba watu mia mbili ambao hawajakutuma uwasemee.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na kibali na kuzipiga marufuku. Vizuri. Sheria nayo tunayo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Inataka anayechukua taarifa zako akwambie ni za kazi gani, na asizipeleke kwenye kazi nyingine. Kufungia karanga, nadhani, ni kazi nyingine.

Laini zetu tulishazisajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na sipingi; matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" walikuwa wametuchosha, ingawa bado wapo. Mtu apige *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, anaweza kushtuka. Ila ukishampa mtu kidole chako una haki ya kumuuliza anakihifadhi wapi, awe wakala wa barabarani au serikali yenyewe. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu, na haikumruka muuza mitumba.

Naomba ofisi za mjini hapa, nyumba za wageni na mawakala wanaoacha daftari wazi juu ya meza, waandike kile tu wanachokihitaji, na daftari likijaa walichome. Mlinzi wa getini namba yangu ya simu ni ya nini?

Ule ukurasa nimeuchoma jikoni. Kwanza nilitaka kumpigia yule wa mirathi nimwambie nilichokiona. Nikaghairi, maana swali lake la kwanza lingekuwa namba yake nimeitoa wapi.

Mama wa mitumba,
Kiboriloni, Moshi